“Baba anakuja sasa hivi”

Binti yangu alikuwa amekaa mapajani mwangu aliposema, “Baba anakuja sasa hivi.” Hakunitazama. Sentensi yote aliitoa kwa sauti ya mama yake, hata lile “saasa” la kuvutwa kidogo, kama la mtu anayebembeleza. Mtaalamu aliyekuwa upande wa pili wa meza aliinama akaandika. Ripoti ilipokuja nilikuta jambo lile limefupishwa hivi: mtoto hurudia maneno yasiyoendana na mazingira. Siwezi kusema alikosea kuona. Baba yupo, tena ndiye kiti chenyewe, na mtoto anatangaza kwamba baba yuko njiani.

Mama yake alipoisoma aliuliza swali moja tu: “Alikuwa anaogopa?”

Ndipo nikakumbuka. Kama mwaka mmoja nyuma umeme ulikatika usiku, mimi nikiwa sijarudi, na mama yake akakaa naye gizani akimwambia maneno hayo tena na tena mpaka niliposukuma mlango. Tangu hapo huyasema akiwa kwenye kiti cha kunyolewa, akiwa kwenye ngazi za umeme, na katika kila chumba chenye taa za tyubu zinazovuma. Chumba kile cha tathmini kilikuwa na taa mbili za aina hiyo. Kumbe mtoto alikuwa ametoa taarifa sahihi kuhusu hali yake, kwa sentensi kamili yenye sarufi safi, na baba mzazi aliyempakata hakuisikia.

Kitaalamu jambo hili huitwa ekolalia, yaani kurudia maneno yaliyosemwa na wengine. Ukimuuliza mtoto “Unakwenda wapi?” naye akakujibu “Unakwenda wapi?”, hiyo ni ekolalia ya papo hapo. Maneno yakiwa yametoka kwenye katuni ya jana au kwenye ugomvi wa mwaka juzi, ni ekolalia ya baadaye. Karibu watoto wote huipitia wanapojifunza kusema, na kwa wengi hufifia wanapokaribia miaka mitatu. Kwa watoto wengi wenye usonji, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano na tabia (autism kwa Kiingereza), wanaozungumza hudumu zaidi, na kwa baadhi yao hubaki kuwa njia kuu ya kusema. Watu wa kawaida wana jina fupi zaidi: anaongea kama kasuku. Nimelisikia kwa ndugu, kwa walimu, hata kwa watu wenye nia njema waliotaka kunifariji kwamba walau mtoto ana sauti.

Ugomvi wangu ni na huyo kasuku. Neno hilo linahukumu kabla ya kuchunguza: sauti ipo, msemaji hayupo. Na hukumu hiyo hatukuitunga sisi walei peke yetu. Mwongozo wa utambuzi wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, ambao hutumiwa au kuigwa sehemu nyingi za dunia, una mafungu mawili makuu ya dalili za usonji. La kwanza ni la mawasiliano na mahusiano. La pili ni la mambo ya kujirudiarudia. Ekolalia imewekwa fungu la pili, kwenye mstari mmoja na kupanga vitu vya kuchezea kwa foleni na kuvipindua. Sisemi kwamba haistahili kuwapo pale, maana kurudia ni kurudia. Lakini kitu kikihifadhiwa kwenye kabati la vyombo, hakuna atakayekitafuta kwenye maktaba. Anayejaza fomu anaweka alama kwamba “ipo”, kisha anaendelea na mstari unaofuata. Alisema nini hasa, akimtazama nani, na baada ya hapo kilitokea nini, alama hiyo haina pa kuyaweka.

Cha ajabu ni kwamba mwanzoni kabisa haya yalijulikana. Leo Kanner, daktari wa akili za watoto katika Johns Hopkins, Baltimore, alichapisha mwaka 1943 maelezo ya watoto 11 ambayo ndiyo yaliyoweka msingi wa utambuzi wa usonji. Wa kwanza kati yao, Donald Triplett wa Mississippi, alitanguliwa kliniki na barua ya baba yake yenye kurasa 33 zilizopigwa chapa. Katika maelezo ya Kanner kuhusu Donald kuna kisa ambacho kila nikikifikiria nacheka peke yangu. Baba alitaka kumfundisha kusema “ndiyo”. Akamuuliza kama anataka kubebwa begani, naye Donald akakubali kwa kulirudia swali lenyewe. Baba akamwelekeza: ukitaka sema ndiyo, usipotaka sema hapana. Donald akasema ndiyo. Tangu siku hiyo, neno “ndiyo” kinywani mwake likawa na maana moja tu: nibebe begani. Kasuku hafanyi hivyo. Mtoto huyu alilichukua neno pamoja na tukio lake zima, bega na baba na ule urefu wa ghafla, asikubali kulitenga nalo.

Mwaka 1946 Kanner alirudi kwenye jambo hilo katika makala nyingine, iliyohusu sentensi za watoto hawa zinazoonekana kutohusiana na chochote. Mmoja wao, kila aliposhikwa na hamu ya kurusha kitu, alijiambia asimtupe mbwa kutoka roshani. Mbwa hakuwapo, wala roshani. Aliyefumbua fumbo ni mama. Waliwahi kukaa hoteli moja Uingereza, mtoto akawa anamtupa mbwa wake wa kuchezea toka roshani, na mama, alipochoka kumwokota, alimkanya kwa maneno hayohayo. Maneno yakageuka breki ambayo mtoto alijifungia mwenyewe. Mtoto huyohuyo alipoona sufuria alitamka kipande cha shairi la watoto, kwa sababu siku moja mama yake aliangusha sufuria akiwa anamkaririria shairi hilo.

Tazama kazi ilivyogawanywa hapo. Daktari anayo makala, mama anayo maana. Ungetegemea baada ya 1946 kila kliniki ianze kwa kumuuliza mama.

Haikuwa hivyo. Mzazi alitolewa kwenye kizimba cha shahidi akapelekwa cha mshtakiwa. Kanner mwenyewe alikuwa ameshaandika mwaka 1943 kwamba wazazi wenye upendo wa dhati kati ya wale aliowaona walikuwa wachache. Bruno Bettelheim, mwandishi mashuhuri wa malezi na saikolojia, katika miaka ya 1960 akaenda mbali zaidi: mtoto anayekwepa “mimi”, akijiita “wewe” kama anavyosikia akiitwa, anaikana nafsi yake, na kiini cha msiba kilitafutwa kwa wazazi. Upande mwingine mwanasaikolojia Ivar Lovaas na wenzake wa Los Angeles walikuja na mbinu za kubadili tabia kwa zawadi na adhabu, na enzi hizo adhabu zilijumuisha makofi na hata mishtuko ya umeme. Katika mkondo huo mwangwi, yaani hiyo ekolalia, ulikuwa jambo la kupunguzwa ili usemi “halisi” upate nafasi. Bettelheim aliona jeraha, Lovaas aliona tabia, na hakuna kati yao aliyehitaji kujua sentensi ilitoka wapi.

Hilo la “mimi” lilipata jibu mwaka 1974. Watafiti Lawrence Bartak na Michael Rutter waliwapa watoto wenye usonji sentensi za kurudia, huku wakibadilisha mahali pa viwakilishi vya nafsi. Kiwakilishi cha “mimi” kilipokaa mwishoni mwa sentensi, watoto walikirudia bila shida. Hawakuwa wakiikwepa nafsi yao. Walikuwa wakishika mkia wa kilichosemwa, kama mwangwi wowote unavyofanya.

Kwa anayelea mtoto kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wake wa pekee, kwa sababu nafsi yetu haisimami peke yake. Imeshonwa kwenye kichwa cha kitenzi. “Unataka maji?” Ile “u” ni wewe, lakini huwezi kuinyofoa ukabaki na neno. Tena swali letu la ndiyo au hapana mara nyingi halina alama yoyote isipokuwa kupanda kwa sauti. Mtoto anayenakili sauti ananakili na ule mpando. Kwa hiyo anapotaka maji anakuja kwako na kusema, kwa lafudhi yako mwenyewe, “Unataka maji?” Ni mara ngapi nimemjibu kwa upole, “Hapana mama, sina kiu,” nikaendelea na simu yangu, naye amesimama pale kiu imemshika?

Halafu fikiria jinsi sisi wenyewe tunavyojibu. “Umeshiba?” “Nimeshiba.” “Umechoka?” “Nimechoka.” Kiswahili cha kawaida hujibu kwa kulirudia swali! Kati ya binti yangu na mtoto yeyote wa rika lake pana silabi moja tu, “u” igeuke “ni”. Lakini silabi hiyo inamtaka achukue kitu alichokipokea kizima, kama wimbo, akikate kichwa na kukishonea kingine. Jaribu kubadilisha silabi moja katika wimbo uliojifunza ukiwa na miaka minne, uone ulimi unavyorudi kwenye njia yake ya zamani.

Usiku mmoja alikuja mlangoni kwetu akasema, “Umeumia wapi? Umeumia wapi?” Nikamwambia kwa usingizi kwamba sijaumia popote, arudi kulala. Akarudi. Mtoto mtiifu. Asubuhi mto wake ulikuwa na doa, na sikio la kushoto lilikuwa linatoa usaha.

Sitaki kulipamba tukio hilo. Nalitaja kwa sababu mjadala huu, ukiachiwa wataalamu na watu wa nadharia, huonekana kama suala la mtazamo: huyu anaona kikombe kimejaa nusu, yule anaona kimepungua nusu. Kwetu ilikuwa suala la kama maumivu yatasikika usiku huo au kesho yake.

Utafiti wa kuniunga mkono upo, ingawa wa kiasi. Mwaka 1981 watafiti wa mawasiliano Barry Prizant na Judith Duchan walichapisha uchunguzi wao wa watoto wanne tu, waliorekodiwa kwa video, na matamshi yao ya mwangwi zaidi ya 1,000. Hawakuhesabu marudio na kuishia hapo. Waliangalia macho ya mtoto yalikwenda wapi, mwili ulielekea nini, sauti ilipanda au ilishuka, na nini kilifuata. Wakapata matumizi saba ya mwangwi wa papo hapo: kushika zamu kwenye mazungumzo, kutaja kitu, kukubali, kuomba, kujitayarisha kabla ya kutenda, kujiongoza, na fungu moja la marudio yasiyo na lengo lililoonekana. Mwaka 1984 Prizant na Patrick Rydell wakafanya vivyo hivyo kwa mwangwi wa baadaye, kwa watoto watatu, wakaorodhesha matumizi 14. Watoto saba kwa jumla si jeshi la kujengea sheria. Lakini hoja ya kwamba mwangwi hauna kazi haiwezi kusimama tena baada ya video hizo, kwa sababu kuipinga hoja ya “hakuna hata mmoja” huhitaji watu wachache tu.

Nalipenda sana lile fungu la saba. Linanizuia nisipagawe. Maana mzazi aliyegundua kwamba sentensi moja ina maana huanza kuziona maana hata kwenye kupiga chafya. Mimi nilinunua daftari. Nikawa naandika kila sentensi, mahali, saa, na dhana yangu kuhusu ilikotoka. “Tunashuka hapa” ilikuwa rahisi: tuliisema kila tulipofika kituo chetu kwenye basi, naye akaifanya kuwa “imetosha, tuondoke”. Huisema anapochoka kuoga. Aliwahi kumwambia shangazi yake, aliyekuwa ameingia saa ya tatu ya maongezi, tena akiwa amemshika mkono na kumwelekeza mlangoni. Shangazi alicheka, lakini aliondoka.

“Usiguse, moto” ilinishinda, ubaya ni kwamba nilidhani nimeshinda. Aliisema mbele ya vitu vya kila namna, redio, mkasi, miwani yangu, na nikaandika daftarini kwa kalamu nyekundu: hofu. Nikawa naviondoa vitu hivyo haraka ili asiogope. Kilio kilichofuata nilikisoma kama uthibitisho wa hofu yenyewe. Mama yake aliniacha niendelee na falsafa yangu wiki kama tatu hivi, kisha akamwachia miwani. Sentensi ikakoma papo hapo. Mtoto alikuwa akisema anataka kugusa, kwa maneno ambayo ndiyo aliyosikia kila mara alipotaka kugusa. Wiki tatu nilikuwa namnyang’anya kila alichoniomba, na kila siku nilijiandikia daftarini kwamba namwelewa.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba mzazi hakosei. Historia ya usonji ina mfano mchungu: ile njia ya kumshikia mtoto mkono ili aandike kwa kutumia vibao vya herufi, iliyosifiwa sana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilipopimwa kwa makini, ikabainika kuwa maneno yalikuwa ya aliyeshika mkono, ingawa hakujua. Upendo husoma hata pasipoandikwa kitu. Tofauti ya ninachopendekeza ni kwamba dhana kuhusu mwangwi inaweza kujaribiwa na kuanguka. Kama sentensi ni ombi, mpe kitu uone kama itakoma. Kama ni hofu, zima taa inayovuma. Kama haikomi na mtoto ametulia, labda anafurahia tu mlio wa maneno, kama mimi ninavyoimba bafuni kiitikio kilekile miaka ishirini bila kumpelekea mtu ujumbe wowote. Kuna jioni binti yangu husoma kipindi kizima cha katuni kutoka kichwani, sauti zote, na hata muziki wa mwisho. Sijawahi kupata ujumbe humo wala sitafuti.

Siku hizi kuna mafunzo mengi yanayouzwa kwa wazazi kuhusu watoto wanaojifunza lugha kwa vipande vikubwa badala ya neno mojamoja, yakiwa na hatua zilizopangwa ambazo mtoto anapaswa kuzipita. Wazo la vipande lina mizizi ya heshima. Mwanaisimu Ann Peters aliliandikia mwaka 1983 akizungumzia watoto kwa ujumla. Na heshima ambayo mafunzo hayo yanampa mtoto naipenda. Uhakika wake ndio nisioupenda. Ushahidi kwamba kufuata hatua hizo huleta matokeo bora bado ni mwembamba, na mzazi aliyekata tamaa ni mteja rahisi mno kumuuzia ngazi.

Tulichokibadilisha nyumbani kilikuwa vinywa vyetu. Ikiwa mtoto atahifadhi nitakachosema jinsi nilivyokisema, basi niseme kama atakavyohitaji kukisema. Usiku sisemi tena “Umechoka?” Nasema, nikiwa nimeinama karibu yake, “Nimechoka. Naenda kulala.” Akianguka: “Nimeumia goti.” Tuliacha “Sema asante,” ambayo ilikuwa inatuletea “Sema asante” kwa wageni wote. Tulipunguza maswali, hasa ya aina ya “maji au maziwa”, baada ya kugundua kwamba alikuwa akichagua maziwa kwa sababu tu yalikuja mwisho. Tulipogeuza mpangilio, akawa mpenzi wa maji. Sasa tunamwonyesha vyote viwili. Kwa miezi kadhaa nyumba ilisikika kama mchezo wa kuigiza ambao kila mtu amepewa nafasi ya mtoto mmoja. “Nimeumia sikio” ilichukua karibu mwaka kutoka kinywani mwangu hadi kinywani mwake.

Shuleni mambo yalikwenda njia nyingine. Mwalimu mmoja, mtu mwema na mchapakazi, alikuwa na utaratibu wa kumwinulia kidole kila aliporudia: shh, jibu vizuri. Mwisho wa muhula aliandika kwa furaha kwamba ekolalia imepungua sana. Ilikuwa kweli. Nyumbani pia tuliona imepungua, pamoja na maneno mengine yote, na badala ya “Baba anakuja sasa hivi” tulianza kuona mkono wenye alama za meno yake mwenyewe. Sina namna ya kuthibitisha kwamba moja lilisababisha lingine. Najua tu kwamba kwenye karatasi ukimya ule ulisomeka kama maendeleo, na kwamba karatasi ingeweza kuandikwa hivyo tena muhula uliofuata kama tusingekwenda kuzungumza, tukiwa na daftari mkononi.

Mwalimu aliliazima lile daftari. Alilirudisha baada ya wiki moja likiwa na mistari minne ya mwandiko wake, sentensi za darasani ambazo sisi hatukuwa tumezisikia, na mbele ya moja ameandika kuwa ni maneno ya mpishi wa shule. Ni mistari minne tu, lakini hakuna fomu ya tathmini niliyowahi kujaziwa iliyokuwa na nafasi hata ya mmoja. Mstari wa “ilitoka wapi, nani anakumbuka?” haugharimu chochote kuuongeza.

Wiki iliyopita nilikuwa nafanya kazi usiku kwenye kompyuta, taa imewaka, saa imekwenda. Alikuja akasimama ubavuni pangu. “Baba,” akasema, kisha akanyamaza kidogo, jambo ambalo si kawaida yake, maana vipande vyake hutoka vizima. “Baba tunashuka hapa sasa hivi.”

Sijawahi kumwambia mtu sentensi hiyo, wala mama yake. Niliiandika kwenye daftari bila dhana yoyote mbele yake, nikazima kompyuta.